Nani wa kumsuta Kurtz?

Wanaume watano wamekaa katika mashua ya tanga iliyotia nanga mto Thames, wakingoja maji yapwe ili washuke kuelekea baharini. Mmoja ni mkurugenzi wa makampuni, wa pili mwanasheria, wa tatu mhasibu ambaye ameshatoa kisanduku cha dhumna na anajengajenga vinyumba kwa kete. Wa nne ndiye anayetusimulia, na hatajwi jina. Wa tano ni baharia aitwaye Marlow, amekunja miguu, mgongo kauegemeza kwenye mlingoti. Aliyekulia pwani anaijua saa hiyo: maji hayajatoa ruhusa, kazi hakuna, basi mmoja ataanza hadithi. Marlow anaanza kwa kuwachokoza. London inawasha taa nyuma yao, naye anawaambia kwamba hapa walipo napo palikuwa miongoni mwa mahali penye giza duniani, siku zile Warumi walipofika wakatetemeka kwa baridi, homa na woga wa wenyeji.

Ndivyo inavyofunguka riwaya fupi ya Joseph Conrad, Heart of Darkness, iliyotoka kwa sehemu tatu katika jarida la Blackwood's mwaka 1899, kisha ikaingia kitabuni mwaka 1902. Ni kijitabu cha kumaliza Jumamosi moja, lakini kimegombaniwa kwa zaidi ya miaka 100, na ugomvi unaanzia kwenye jina. Nilipojaribu kuligeuza kwa Kiswahili nilipata majina mawili yasiyoelewana. Ukisema "Kitovu cha Giza" umetaja mahali: ndani kabisa ya bara, huko ramani zilikokuwa tupu. Ukisema "Moyo wa Giza" umemtaja mtu na kilichomo kifuani mwake. Jina la Kiingereza linayabeba yote mawili kwa mpigo. Msomaji anayeshika la kwanza huona kitabu kinachoitukana Afrika. Anayeshika la pili huona kitabu kinachoishtaki Ulaya. Kwa bahati mbaya wote wawili wana ushahidi.

Conrad aliyaona aliyoyaandika. Alizaliwa mwaka 1857 Berdychiv, mji ulio Ukraine ya leo, kwa wazazi wa Kipolandi waliotawaliwa na Urusi. Baba yake alihamishwa kwa sababu za kisiasa, familia ikamfuata, na mtoto akawa yatima kabla ya kutimiza miaka 12. Kwa hiyo huyu mtu aliujua utawala wa kigeni kutoka chini kabla hajauona kutoka juu. Akawa baharia, akachukua uraia wa Uingereza mwaka 1886, na mwaka 1890 akaajiriwa na kampuni ya Kibelgiji kuendesha stima katika mto Kongo. Nchi ile ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyeipata wakati wa mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 na kuishikilia mpaka 1908 bila hata kuikanyaga. Conrad alishuka Matadi mwezi Juni. Kwa kuwa maporomoko yanazuia meli, alitembea na wapagazi kwa mwezi mmoja na ziada hadi Kinshasa. Njiani aliandika shajara. Tarehe 3 Julai ameandika kwamba wameona maiti ya Mkongo mahali pa kupigia kambi. Kapigwa risasi? Harufu mbaya. Basi, hakuongeza neno, safari ikaendelea.

Kutoka Kinshasa alipanda mto kwa stima hadi Maporomoko ya Stanley, Kisangani ya leo, akafika tarehe 1 Septemba. Wakati wa kurudi walimbeba wakala mgonjwa wa kampuni, Klein, akafia melini. Katika mswada wa riwaya jina la Kurtz, yule wakala anayefuatwa katika hadithi nzima, mwanzoni liliandikwa Klein.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Marlow anaajiriwa na kampuni, anapanda mto kumfuata wakala maarufu anayeleta pembe za ndovu nyingi kuliko wenzake wote kwa pamoja. Wakala huyo, Kurtz, ni msomi, mchoraji, msemaji hodari; alikwenda na mpango wa kueneza nuru. Marlow anapomfikia anakuta ameshajifanya mungu mdogo, anavamia vijiji kupora pembe, na nguzo zilizozunguka nyumba yake zimevikwa vichwa vya watu. Kurtz anafia njiani. Marlow anarudi Ulaya na kumdanganya mchumba wa marehemu.

Neno lililonisaidia kuisoma riwaya hii ni kusuta. Dhamiri kwa Kiswahili ina kazi moja kubwa: inasuta. Mtu husutwa na nafsi yake. Na kusuta, kwa anayejua mambo ya mitaani pwani, si jambo la kimyakimya la mtu na moyo wake. Wanawake hukusanyika, wakavaa sare za kanga, wakamwendea mzushi mlangoni kwake na kumwambia machoni pake, majirani wakisikia, neno alilosema na mahali alipolisema. Bila majirani hakuna kusuta, kuna kunung'unika tu. Lugha yetu ilipochukua kitendo hicho na kukitia ndani ya kifua cha mtu, iliwachukua na mashahidi pia.

Marlow naye analijua hilo, ingawa hana neno lake. Kuna mahali anawageukia wenzake melini na kuwaambia kwamba hawawezi kumwelewa Kurtz. Wao wanatembea kwenye njia iliyosakafiwa, kati ya duka la nyama na polisi, wamezungukwa na majirani wema, wanaogopa fedheha, kitanzi na hospitali ya vichaa. Kurtz alikaa pasipo na polisi, mahali ambapo jirani hamnong'onezi mtu kwamba watu watasemaje. Hapo ndipo mtu hugundua kama ana kitu chochote ndani yake, na Kurtz, anasema Marlow, alikuwa mtupu.

Ni maelezo mazuri, na yana tundu kubwa katikati. Eti Kurtz hakuwa na majirani! Alizungukwa na maelfu ya watu: walimbebea pembe, walimpikia, walimpigia ngoma, mwanamke mmoja alisimama ukingoni na kunyoosha mikono juu stima ilipomchukua. Alichokosa ni kuwahesabu kama watu wenye haki ya kumwambia neno. Kwangu hilo ndilo giza la riwaya hii: kuishi katikati ya watu na kujiona huna shahidi.

Huo ugonjwa hauanzi kwa Kurtz. Tazama kituo cha kwanza. Marlow anaingia chini ya miti kutafuta kivuli na kukuta wafanyakazi waliochoka wamejikunyata kwenye vigogo, wanakufa taratibu kwa njaa na maradhi. Anampa mmoja biskuti ya meli aliyokuwa nayo mfukoni. Vidole vinaifumba, basi. Shingoni mwa kijana huyo kuna kiuzi cheupe cha sufu kutoka ng'ambo, na Marlow anashindwa kuelewa: hirizi? pambo? alama? Hamwulizi. Anatoka pale, na hatua chache mbele anakutana na mhasibu mkuu wa kampuni, kola imetiwa wanga, viatu vinang'aa, nywele zimechanwa na kupakwa mafuta. Anamshangaa kwa heshima. Nguo zile zinawezekanaje? Mhasibu anaona haya kidogo, kisha anaeleza kwamba amekuwa akimfundisha mwanamke mmoja wa hapo kazi ya dobi. Ilikuwa taabu, mwanamke hakuipenda kazi.

Mhasibu huyu ndiye anayenitisha kuliko Kurtz. Siku moja wanaingiza chumbani mwake mgonjwa kwenye kitanda, naye analalamika kwa upole kwamba kuguna kwa mgonjwa kunamvuruga, na bila utulivu ni vigumu kuepuka makosa ya hesabu katika hali ya hewa kama ile. Baadaye anakiri kwamba mtu mwenye wajibu wa kuingiza tarakimu sahihi huishia kuwachukia wale washenzi, huwachukia hadi kufa. Ana dhamiri, tena kali, ila yote imo daftarini. Hawezi kulala akiwa amekosea kujumlisha. Wanaokufa futi 50 kutoka mlangoni hawana safu katika daftari lile.

Halafu kuna wale mabaharia wa stima. Marlow anawaita wala watu na kusema hivyo bila hofu. Anawasifu hata, kwamba ni watu wa kufanya nao kazi. Kampuni iliwalipa kila wiki vipande vitatu vya waya wa shaba, kila kimoja kama inchi 9. Kongo fedha ya namna hiyo iliitwa mitako, na nadharia ya ofisini ilikuwa kwamba watanunua chakula vijijini kando ya mto. Vijiji ama havikuwepo, ama vilikuwa na uadui, ama meneja hakutaka kusimama. Marlow anatania kwamba labda waumeze huo waya, au waupinde vitanzi wategee samaki. Na anaongeza kwamba mshahara, kusema kweli, ulilipwa kwa wakati kama inavyostahili kampuni kubwa yenye heshima. Walikuja na nyama yao ya kiboko. Ikaoza, wazungu wakaitupa nyingi mtoni kwa sababu ya harufu.

Sasa hesabu: wenye njaa ni 30, wazungu ni watano. Kwa nini hawakuwageuza kitoweo? Marlow anaduwaa. Anapitia sababu moja moja, woga, ushirikina, kinyaa, na kuzitupa zote, maana njaa haizijali. Anabaki na neno moja, kujizuia, na hajui limetoka wapi. Kwake ni fumbo kubwa kuliko ukungu uliowazingira. Msomaji anayeandika pembeni mwa kitabu kwa penseli aandike hapa: katika riwaya nzima, watu pekee wanaoonyesha kwa vitendo kwamba wana kitu ndani kinachowazuia ni wale walioitwa wala watu. Kurtz msomi hakuwa nacho. Conrad aliliona hilo, akaliweka mezani, kisha akashindwa kufanya jambo dogo ambalo mpishi wa mashua yoyote angelifanya, yaani kuwauliza.

Kurtz aliandika pia. Chama kimoja cha kukomesha desturi za kishenzi kilimwagiza ripoti, naye akatoa kurasa 17 za maneno matamu kuhusu wema usio na mipaka ambao mzungu angeweza kuufanya. Chini ya ukurasa wa mwisho, baadaye, kwa mkono unaotetemeka, akaongeza sentensi moja ya amri: waangamizeni wanyama wote hawa. Vile vichwa juu ya nguzo vilikuwa vimegeuzwa nyuso kuielekea nyumba, isipokuwa kimoja. Watu wengi husoma hilo kama ndoto ya mwandishi. Si ndoto. Ofisa wa Kibelgiji Léon Rom, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Maporomoko ya Stanley katika miaka ya 1890, alipambia bustani yake ya maua kwa vichwa vya watu 21, na habari hizo zilichapishwa magazetini kabla Conrad hajamaliza kuandika.

Hapa kwenye neno "washenzi" msomaji wa Kiswahili asikae kitako kama mtazamaji. Neno hilo liliingia Kongo kwa vinywa vya misafara yetu. Ushenzi ulikuwa wa watu wa bara. Upande wa pili ulikaa ustaarabu, neno ambalo limebeba Uarabu tumboni mwake, na uungwana, ambao uliacha jina lake hata kwenye Kiswahili cha mashariki ya Kongo, Kingwana. Mwaka 1887 Leopold alimteua Hamed bin Muhammad el-Murjebi, yaani Tippu Tip, kuwa liwali wa Maporomoko ya Stanley. Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka kurudi Unguja, akamwachia madaraka jamaa yake Rashidi. Kwa hiyo Conrad alipotia nanga Septemba ile, pembe zilizokuwa zikigombaniwa zilikuwa zikienda pande mbili, magharibi kwa stima na mashariki kwa vichwa vya wapagazi hadi soko la Unguja, na Kiswahili kilisikika ukingoni mwa mto.

Yuko wapi Rashidi katika riwaya? Hayumo. Hakuna kanzu hata moja. Ungedhani Conrad hakujua, lakini alijua. Katika insha iliyochapishwa mwaka 1924, miezi michache kabla ya kufa kwake, anakumbuka usiku ule Kisangani: ngurumo ya maporomoko, na maili zisizozidi 10 kutoka pale, kambi ya Rashidi, ambamo nguvu za Waarabu wa Kongo zilikuwa zimelala bado hazijavunjwa. Insha hiyohiyo inakiita kilichofanyika kule kinyang'anyiro cha mali kiovu kuliko vyote vilivyowahi kuichafua historia ya dhamiri ya binadamu.

Mimi naamini aliiacha kambi ile makusudi, na kwamba alifanya vyema kwa sababu moja na vibaya kwa nyingine. Vyema kwa kuwa kisingizio kikuu cha Leopold mbele ya Ulaya kilikuwa vita dhidi ya Waarabu wauza watumwa. Vita hiyo ilipiganwa kweli, 1892 hadi 1894, na ikampa mfalme nchi nzima. Rashidi angekuwamo, msomaji wa London angepumua: angalau sisi si kama wale. Conrad alimnyang'anya msomaji huyo faraja ya kulinganisha. Vibaya kwa sababu sisi pia tulipona. Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903, karibu sawa na kitabu cha Conrad, na humo wanatekwa watu, zinachomwa boma, pembe zinahesabiwa kwa frasila, na mwandishi hatetereki hata kidogo. Ukivisoma vitabu hivi viwili wiki moja, kama nilivyofanya, utaona yule mhasibu wa kola amepata mwenzake.

Chinua Achebe, mwandishi wa riwaya wa Nigeria, ndiye aliyewaamsha wasomaji waliokuwa wamelala kwenye maana ya pili ya jina. Katika mhadhara wake huko Amherst, Marekani, Februari 1975, alimwita Conrad mbaguzi waziwazi, na akaonyesha kwamba Waafrika wa riwaya hii wananyimwa hata usemi: hupiga makelele, hunyoosha mikono, na wanapopewa maneno ya Kiingereza ni mara mbili tu, mara moja waombe kupewa watu wawale na mara moja watangaze kwamba bwana Kurtz kafa. Watetezi wanajibu kwamba anayesema ni Marlow, si Conrad. Jibu hilo halinitoshi. Mwandishi aliyeweza kumpa mhasibu sentensi tatu za kumfichua angeweza kumpa dobi moja.

Na mtu wa kuwauliza watu wa Kongo alikuwepo, tena Conrad alimfahamu. Siku za kwanza Matadi mwaka 1890 alilala nyumba moja na Roger Casement, akaandika katika shajara kwamba kukutana naye ni furaha kubwa. Mwaka 1903 Casement, akiwa balozi mdogo wa Uingereza, alikodi stima, akapanda mto, akakaa na watu vijijini na kuandika walichomwambia: nani alikatwa mkono, na askari gani, kwa kilo ngapi za mpira zilizopungua. Ripoti ilitoka 1904. Wizara ya mambo ya nje ilifuta majina na kuweka herufi badala yake, Casement akakasirika mno, lakini ilikuwa kusuta kwa maana yake kamili: kwenda mlangoni na mashahidi. Miaka minne baadaye Leopold alinyang'anywa nchi. Conrad alimpa Casement barua ya kumuunga mkono, akishangaa kwamba dhamiri ya Ulaya, iliyokomesha biashara ya utumwa miaka 70 nyuma, inaivumilia dola ya Kongo. Kwenda mbali zaidi hakutaka; kwa rafiki mwingine alijitetea kwamba yeye ni mtunga hadithi tu, tena mnyonge. Mwaka 1916 Casement aliposubiri kunyongwa kwa ajili ya uasi wa Ireland, Conrad alikataa kutia sahihi ombi la kumwokoa.

Ukilijua hilo, mwisho wa riwaya unasomeka kwa namna nyingine. Maneno ya mwisho ya Kurtz ni mnong'ono, "La kutisha! La kutisha!", na Marlow anayashangilia kama ushindi wa kimaadili: mtu huyu hatimaye amejisuta mwenyewe. Ushindi wa bei rahisi, nadhani, kwa mtu asiye na siku nyingine ya kuishi. Marlow mwenyewe, mwenye miaka mbele yake, anafanya nini? Mwandishi wa gazeti anapokuja kuulizia habari za marehemu, anampa ile ripoti ya kurasa 17, ameichana sentensi ya mwisho. Kisha anakwenda kwa mchumba. Sebule ni refu, jua limekuchwa, pembeni imekaa piano kubwa inayong'aa kama jeneza. Conrad hasemi vibao vya piano vilitengenezwa kwa nini. Wasomaji wake walijua. Kulikuwa hata na kijiji huko Connecticut, Ivoryton, kilichoishi kwa kukata vibao hivyo kutoka pembe zilizonunuliwa Unguja. Mwanamke anataka kusikia neno la mwisho la mpenzi wake, la kuishi nalo. Marlow, aliyetuambia mapema kwamba uongo humnukia kifo, anamjibu kwamba neno la mwisho lilikuwa jina lake.

Anangoja nyumba imwangukie. Haikuanguka. Mbingu, anasema, haziporomoki kwa jambo dogo kama hilo.

Anamaliza hadithi na kunyamaza. Giza limeshatanda juu ya Thames. Wanaume wanne wameyasikia yote, vichwa juu ya nguzo, waya wa shaba, kijana na biskuti mkononi. Ndio majirani pekee ambao Marlow amewahi kuungama kwao. Anayesema kwanza ni mkurugenzi wa makampuni. Anasema maji yameshaanza kupwa, wamechelewa.